Nipeni Mbaya Kwanza

Matroni hakutaka kusikia neno nzuri. Naanza hapo kwa sababu hasira yangu inaanzia hapo, na hasira yangu haijaisha.

Alikuwa matroni wa bweni letu la wasichana kule Korogwe. Asubuhi kabla ya uji tulisimama miguuni pa vitanda, naye akaingia, kanga begani, mkononi fimbo ambayo sikuwahi kumwona akimchapa nayo mtu. Aliitumia kuinulia magodoro. Walimu wengine wakiuliza habari, mnajibu nzuri mwalimu, kwa sauti moja, mambo yamekwisha. Yeye alitukatisha.

“Habari za bweni?”

“Nzuuu...”

“Nzuri siitaki. Nipeni mbaya kwanza.”

Basi ilikuwa lazima useme. Nani ametapika, nani ameibiwa ndoo, nani hajaona siku zake, nani analia chini ya shuka akidhani hasikiki. Akishakusanya mabaya yote ndipo anauliza, “Haya, na nzuri ni ipi?” Mara nyingi hatukuwa nayo. Tunacheka, tunakwenda kunywa uji.

Hakuna kitu kilichofichika mbele yake. Simu tuliichimbia ndani ya mkate, akaupima mkate kwa kiganja akasema huu umeokwa na betri. Kuna mwenzetu mmoja alikuwa na jipu kwapani, anaona aibu, akalifunga kwa kitambaa na kunyamaza. Matroni akasimama mbele yake.

“We, mkono wako wa kulia umehamia wapi?”

“Upo, Matroni.”

“Upo wapi? Tangu juzi unafunga vifungo kwa mkono wa kushoto. Vua.”

Akampeleka hospitali mwenyewe. Aliporudi alitukusanya akatuambia jipu likinyamaza tusidhani limepona, linaweza kuwa limepata njia ya kwenda ndani. Sisi tulikuwa tunamcheka mwenzetu na bandeji yake. Mimi maneno yale niliyashika bila kujua kwamba nitakuja kuyahitaji, tena juu yake mwenyewe.

Alipostaafu alihamia Handeni, nyumba ya pili kutoka kwetu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo ya kusuasua, nipo nyumbani nauza nyanya kwenye genge. Siku ya kwanza aliyonikuta pale sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari zangu, hata mama yangu.

“Miezi mingapi?” akauliza, huku anachagua vitunguu.

“Nzuri tu, Matroni. Shikamoo.”

“Marahaba. Sijakuuliza habari. Nimekuuliza miezi.”

Nikaangua kilio juu ya nyanya zangu. Akaniacha nilie mpaka nikatosheka, akanunua vitunguu vyake, akaenda moja kwa moja kwa mama. Mama yangu ni Mzigua wa msimamo, na alishasema siku nyingi kwamba binti atakayemletea mimba nyumbani atalala nje. Matroni akakaa kwenye kiti chetu cha sebuleni, hakuondoka. Mama alipika, akapakua, wakala. Mama akafua, Matroni bado kakaa. Jioni mama akaniita, akasema, “Haya ingia ndani, huyu mama yako wa Kisambaa hataki kwenda kwake.” Zuhura alizaliwa ndani ya nyumba ile. Baba yake yuko Dar anaendesha bodaboda. Simu yake huwa haina chaji, au sisi ndio hatuna chaji machoni pake. Aliyembeba mwanangu mgongoni nikiwa genge ni Matroni. Aliyemfundisha kusema tafadhali ni Matroni. Kwa hiyo mtu asiniulize kwa nini nilipiga kelele ndani ya chumba cha daktari. Nitafika huko.

*

Kutembea kwake kulikuwa kwa bata kwa miaka mingi. Nyonga ya kulia ilikuwa imelika. Watoto wa bwenini tulimwigiza, yeye akijua, na mara nyingine aligeuka ghafla akatusahihisha: “Si hivyo, mimi naanza na mguu wa kushoto.” Mpwa wake mmoja mwenye uwezo ndiye aliyempeleka kwenye hospitali kubwa, mkoa mwingine, wakamtoa nyonga yake wakamwekea ya chuma.

Alirudi amenyooka. Ile nyonga aliiita mgeni. “Mgeni ameamka vizuri leo.” “Mgeni hapendi kiti kifupi, mletee stuli.” Akienda kanisani akirudi anasema mgeni amesimama ibada nzima hajalalamika, kuliko mchungaji. Mwaka ule alikwenda sokoni kwa miguu, akapanda milima ya kwao Lutindi kuwasalimia ndugu, akarudi na mapeasi na maneno mengi.

Halafu kwenye kovu, pembeni ya paja kwa juu, kukatokea kipele. Kikapasuka, kikatoa maji maji, kikaziba. Kikapasuka tena. Mwishowe kikabaki kitundu kidogo ambacho hakifungi, kinatoa usaha kidogo tu, wa kulowesha kitambaa. Alisema mgeni anatoka jasho.

Nikitazama nyuma naona jinsi tabia zake zilivyobadilika moja moja, bila kelele. Alianza kukalia tako moja. Alianza kuvaa kanga mbili, hata jua la mchana. Alianza kujipaka manukato, yeye aliyekuwa anatunyang’anya manukato bwenini akisema harufu ya sabuni inamtosha binti. Watu wakija anawakaribisha barazani, mlango wa ndani umerudishwa. Akilala anaweka mto chini ya goti la kulia. Zuhura, ambaye alikuwa akilala naye mchana, aliuita ule mto mtoto wa bibi.

Na alikuwa na kopo la dawa. Hapa ndipo ninapotaka kumtikisa mpaka leo. Mwanamke huyu alikuwa akisimama dirishani kwa mwenye duka la dawa akiwagombeza watu: “Umepimwa? Nani kakwambia umeze antibayotiki kama karanga?” Mwenyewe alikuwa nazo kopo zima, anameza leo, anaacha kesho kutwa homa ikishuka, anameza tena wiki ijayo. Nilipomwambia unafanya kile unachowakataza wenzako, alinijibu, “Mimi nimesoma maelekezo yake.”

*

Hospitali alikuwa anakwenda. Hilo lazima niseme, asije mtu akadhani aliwakimbia madaktari. Alikwenda Korogwe kliniki, tena kwa tarehe zake, amevaa gauni la kitenge lililopigwa pasi. Na kila mara alirudi na jibu lile lile: kidonda kimesafishwa, picha imepigwa, chuma kimekaa sawa, aendelee.

Safari moja nikamsindikiza, nikaona kwa macho yangu jinsi inavyokuwa. Nesi alikuwa mmoja wa wasichana wa bwenini. Akaruka kutoka kwenye kiti.

“Jamani Matroni! Shikamoo!”

“Marahaba mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo mama. Mnaendeleaje?”

“Vizuri. Namshukuru Mungu.”

Yule nesi akaandika. Sikuhitaji kuchungulia kujua ameandika nini. Tukaingia kwa daktari, kijana mdogo, mpole, ana adabu za nyumbani. Akainuka kidogo kwenye kiti.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Hujambo?”

“Sijambo. Habari za mguu?”

“Mguu haujambo. Ni haka kajasho tu.”

“Maumivu?”

“Ya kawaida ya uzee.”

“Umetumia dawa yoyote karibuni?”

“Hapana.”

Nikamtazama. Hakunitazama. Daktari akachukua usaha kwa kijiti cha pamba upelekwe maabara, na majibu yalipotoka hakuna mdudu aliyeota. Baadaye nikaja kuelezwa: ukiwa unameza dawa hizo, mdudu anazubaa kwenye kipimo hata kama ndani ya mwili anaendelea na shughuli zake. Ndiyo maana daktari aliuliza. Lakini yeye alishasema hapana.

Nje nikamvaa.

“Kwa nini umemdanganya?”

“Sijamdanganya. Sijamaliza kumweleza.”

“Ungemaliza lini?”

“We Mama Zuhura, mtoto amenipa shikamoo, nimeitikia marahaba. Sasa nimvulie nguo nimweleze mambo ya huku chini? Na yule nesi nilimnyang’anya simu akiwa kidato cha tatu. Leo nimwonyeshe makalio?”

Akacheka. Mimi sikucheka. Sisi watu tuna ugonjwa huu na hakuna anayeutibu. Mtu anaulizwa hujambo anajibu sijambo, maana ndivyo salamu ilivyo, halafu anaulizwa unaumwa nini na sijambo bado iko mdomoni. Mtu anabebwa kwa machela, ukimsalimia anasema nzuri. Na Matroni, mtu pekee niliyemjua duniani aliyekuwa anaikataa nzuri, aliikataa kwa wengine tu. Mbaya yake aliificha ndani ya marahaba.

*

Kumbe alikuwa ameugawa ugonjwa wake kama watu wanavyogawiwa chakula cha msibani, kila mmoja na sahani yake. Daktari alipewa mguu. Mimi nilipewa tumbo: “Tumbo la chini linanivuta upande huu, nadhani ni maharage.” Wamama wa kanisani walipewa homa za jioni, na kwao iliitwa malaria. Mwenye duka la dawa alipewa mkojo, na kwake iliitwa UTI, maana kwetu kila kitu cha mkojo ni UTI, na kila UTI ina kidonge chake. Hakuna aliyekuwa na sahani zote.

Mimi niliziona zote kwa bahati, kwa sababu genge ni mahali ambapo watu wote wanapita. Asubuhi mama mmoja wa kwaya anaomba pilipili na kusema tumwombee Matroni, malaria haimtoki. Mchana yule wa duka la dawa anataka nyanya mbili za mwisho mwisho, anasema mwambie bibi wa Zuhura safari hii abadilishe dawa, mkojo wake mkaidi. Nikasimama na nyanya mkononi. Malaria ipi isiyotoka? UTI gani ya mwaka mzima? Na gauni lake la kitenge, lililokuwa linambana kifuani, sasa linaning’inia.

Sikujua ugonjwa ni upi. Sikusomea. Nilichojua ni kwamba anaongopa, hilo nilikuwa na uhakika nalo.

Siku hazikupita nyingi akashindwa kuinuka. Nilimkuta asubuhi kitandani, midomo imekauka, goti la kulia limekunjwa juu ya mto wake. Nikaishika ndoo yake ya haja ndogo niende nikamwage. Mkojo ulikuwa na povu na ukungu, na chini yake kitu kizito cha manjano. Harufu ile naijua. Ni harufu ya kwapa la mwenzetu wa bwenini.

“Matroni, hii ni nini?”

“Weka chini hiyo ndoo.”

“Nakuuliza hii ni nini?”

“UTI ya wazee. Na unatoka na upepo kidogo. Weka chini, na usimwambie mtu.”

“Upepo?”

“Ndiyo, upepo. Mkojo unatoka na upepo. Umesikia, sasa nyamaza.”

Nikaenda kumwaga, nikarudi, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikasema kama alivyokuwa akituuliza sisi, kwa sauti yake ile ile:

“Habari za bweni?”

Akafumba macho.

“Nzuri siitaki,” nikamwambia. “Nipe mbaya kwanza.”

Zuhura alikuwa mlangoni anasuka nywele za mdoli wa gunzi. Halafu Matroni akaanza kusema kitu kwa Kisambaa, kimoja kwa kimoja, polepole. Kisambaa changu ni cha sokoni tu. Sikuelewa yote, na nadhani ndiyo maana alichagua lugha hiyo. Lakini machozi niliyaelewa.

*

Tukaenda Korogwe kwa gari la kukodi, kiti cha nyuma kimetandikwa mito. Daktari yule yule. Akainuka.

“Shikamoo mama. Unaendeleaje?”

“Marahaba baba. Naendelea viz...”

“Anaongopa huyo!” nikapiga kelele.

Chumba chote kiligeuka, na mlango ulikuwa wazi, na foleni nayo iligeuka. Sijali. Nikamwaga sahani zote mezani kwake. Homa za jioni, tumbo la chini, goti halinyooki, mkojo una usaha na upepo, na dawa anameza kutoka kwenye kopo, tena alikwambia hamezi. Matroni alikuwa ananifinya paja kwa nguvu zote alizobaki nazo. Alama nilikaa nayo siku kadhaa.

“Huyu ni nani wako?” daktari akamwuliza.

“Nilimlea vibaya,” akasema Matroni.

Daktari hakucheka. Nilimpenda kwa hilo. Akafunga mlango, akaomba alale chali kitandani. “Nyoosha mguu mama.” Akaunyoosha. Ulinyooka kabisa! Nikahisi nimeonekana mwongo mbele za watu. Lakini daktari akapitisha kiganja chini ya mgongo wake, kikapita hadi upande wa pili. Alikuwa ameubinua mgongo ili mguu uonekane umenyooka. Daktari akaukunja ule mguu mzima, wa kushoto, akalilaza goti juu ya kifua mpaka mgongo ukagusa kitanda. Na ule mguu mbovu ukanyanyuka wenyewe. Goti likaja juu bila kuitwa, kama mwanafunzi anayenyoosha mkono darasani.

Matroni aliutazama mguu wake kama amesalitiwa.

“Kuna msuli,” daktari akasema, “unaanzia mgongoni kwa ndani, unapita tumboni, unashuka mpaka hapa pajani. Ukiwa na kitu kinachousumbua, mguu haukubali kunyooka. Mimi nimekuwa nikitazama hapa nje. Mama, kuna kitu ndani. Nahitaji unieleze mambo ya mkojo wewe mwenyewe.”

“Mambo hayo siwezi kumweleza mtoto.”

“Kwa sababu nilikupa shikamoo?”

Akavuta kanga juu ya goti.

“Basi naomba unirudishie shikamoo yangu.”

Hapo ndipo Matroni akacheka, kicheko cha kukohoa. “Shikamoo hairudishwi, baba. Niitie nesi mtu mzima.”

Akaja nesi mmoja wa makamo, asiyepita bwenini kwetu, hakumsalimia kwa mbwembwe yoyote, akavuta pazia. Tulisikia minong’ono mirefu. Daktari alikaa anatazama mikono yake. Nesi alipotoka alisema, “Dokta, huyu anaenda Tanga leo.”

*

Kule hospitali kubwa ya Tanga tulikopelekwa walinieleza mimi, maana yeye alikuwa na homa kali. Daktari wa mifupa, mama mnene mwenye miwani, alikuwa na subira. Picha ya eksirei, alisema, inaonyesha mfupa na chuma. Usaha hauonekani vizuri humo. Chuma kinaweza kuonekana kimekaa kama bwana harusi, kumbe pembeni yake kuna bwawa. Kwa hiyo waliingiza mrija mwembamba kwenye kile kitundu cha pajani, wakasukuma dawa inayong’aa kwenye picha, wakaitazama inakwenda wapi. Kisha wakamlaza kwenye kipimo cha CT, kile kinachomkata mtu vipande kwa picha bila kumgusa.

Akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta, akifuata kwa kidole. Dawa iliingia kwenye kitundu, ikafika kwa mgeni. Haikusimama pale. Ikakata kona mbele ya nyonga, ikapanda ndani ya fupanyonga, ikaingia tumboni kwa chini. Kule kulikuwa na jipu kubwa kama chungwa la Muheza. Na jipu lilikuwa limeegemea kibofu cha mkojo mpaka limekitoboa, ndipo usaha na upepo vikapata njia ya mkojo.

“Hiki kitundu mlichokuwa mnakisafisha,” daktari akasema, “ni mlango wa uani. Wenyewe wako sebuleni.”

“Kwa muda gani?”

“Muda mrefu. Yeye ndiye anayejua.”

Nikauliza atapona? Akaniambia ukweli, hakunipaka mafuta. Alisema jipu lenyewe wanaweza kulitoa, kibofu wanaweza kukishona, lakini mgeni hawezi kubaki, maana wadudu wamejenga juu ya chuma na hakuna dawa inayowang’oa hapo. Mwili umechoka, na upasuaji ni mkubwa. Kama tungekuja mapema ungekuwa mdogo zaidi. Hakusema kwa kulaumu. Mimi ndiye niliyelaumu, kimoyomoyo, kila mtu: mpwa aliyemrudisha nyumbani akaacha kupiga simu, wale wote walioandika anaendelea vizuri, muuza dawa, kwaya, shikamoo yenyewe, na zaidi ya wote yule aliyelala pale na mpira wa mkojo, ambaye alikuwa na uwezo wa kujua betri iko ndani ya mkate.

Jioni kabla ya upasuaji alinishika mkono.

“Mama Zuhura, ulinivunjia heshima Korogwe.”

“Nimekuvunjia.”

“Foleni nzima ilisikia habari za mkojo wangu.”

“Walisikia.”

“Kulikuwa na mwanafunzi wangu pale, anaitwa... nimemsahau. Yule mwenye meno.” Akavuta shuka. “Amekuja leo kuniona. Ameniambia na yeye mkojo wake una matatizo, tangu ajifungue. Hajawahi kumwambia mtu.”

“Ukamwambia nini?”

“Nimemtuma kwa yule nesi wa pazia, kule Korogwe.”

Hakuomba msamaha. Matroni si mtu wa kuomba msamaha. Mimi pia sikuomba.

*

Hakufa. Walimfungua, wakakausha usaha, wakashona kibofu, wakamtoa mgeni wake. Alikaa hospitali mpaka Zuhura akaanza kuniuliza kama bibi anakaa kwenye simu. Mgeni mwingine hawakumwekea. Walisema ni hatari. Kwa hiyo pale hakuna nyonga, pana nafasi tu iliyojishikia yenyewe kwa makovu. Mguu umekuwa mfupi. Anatembea na magongo mawili na kiatu chenye soli nene kilichotengenezwa na fundi, na akitembea si bata tena, ni kitu kingine ambacho sijapata mnyama wake. Anaishi Korogwe kwa binti wa dada yake, karibu na hospitali, ndivyo walivyotaka. Nyumba yake ya Handeni imefungwa. Mto wa goti uko kwangu, Zuhura hataki niufue.

Nimemwona juzi juzi, Segera. Mimi nilikwenda kuchukua machungwa ya genge, asubuhi, magari ya Arusha na Dar yanapishana na wachuuzi wanakimbilia madirisha na korosho na maji. Nikaona magongo kwanza, kisha kiatu, kisha yeye, amekaa kwenye benchi la wakatisha tiketi, peke yake, akingoja kuunganisha gari, kanga moja tu. Moja. Na hakuna manukato.

Nikamkimbilia. Kabla sijafika, kondakta wa basi la Tanga, kijana mwenye kofia imegeuzwa nyuma, alikuwa amemfikia.

“Shikamoo bibi! Habari za asubuhi?”

“Marahaba. Mbaya.”

Kijana akacheka, akidhani ni utani. Akaona uso wake, akaacha kucheka. Sidhani aliwahi kujibiwa hivyo tangu azaliwe.

“Mbaya vipi bibi?”

“Nina homa tangu jana jioni. Na paja hili limeanza kuwa la moto hapa juu. Mkojo uko sawa, nimeutazama. Nakwenda Tanga kwa wale walionipasua, kuwaambia kabla hawajaniuliza. Nipatie kiti cha mbele, mguu haukunjiki.”

“Sawa bibi,” kijana akasema, karibu kwa kunong’ona, na akainua mfuko wake kama umejaa mayai.

Nilisimama na machungwa yangu. Homa. Homa tangu jana. Nilijua maana yake inaweza kuwa nini, sasa nimesoma vya kutosha kwenye korido zile: inaweza kuwa malaria kweli, inaweza kuwa wenyewe wamerudi sebuleni. Akaniona.

“We! Hujambo?”

“Sijam...”

Akanyanyua gongo moja, si juu sana, kiasi cha kuinulia godoro.

“Mbaya, Matroni,” nikasema. “Zuhura anakuulizia kila siku, sina la kumjibu. Na hiyo homa yako inanitisha. Naogopa.”

“Haya. Hiyo ndiyo habari.”

“Twende wote.”

“Na machungwa? Uza machungwa. Nitapiga simu nikishaonwa. Nitakwambia yote, hata yale ya aibu, ukitaka.”

Wakampandisha. Kijana alisimama chini yake mikono imetanda, kana kwamba akianguka atadaka kabati. Basi likaanza kutembea, dirisha la mbele likafunguka, uso wake ukatokea na kanga inapepea.

“Na nzuri ni ipi?” akapaza sauti.

Sikuwa nimejiandaa. Bwenini tulikuwa hatunayo, tunacheka tunakwenda kunywa uji. Nikakimbia kando ya basi, machungwa yanaruka kwenye kiroba, nikapiga kelele kuwapita wauza korosho wote:

“Nzuri ni kwamba nimejua una homa!”

Stendi nzima ya Segera ilinigeukia kama mwendawazimu. Yeye alitoa mkono nje, akanionyesha kidole gumba, na kondakta akafunga mlango.